Jumapili Twende Wapi? Uchumi wa Kuchagua Mahali pa Matembezi

Mabibi na mabwana,

Mtu anayetoka Kampala Jumapili asubuhi kwenda Bustani ya Mimea ya Entebbe halipi kiingilio peke yake. Analipa nauli ya teksi, na analipa saa ambazo angezitumia dukani kwake. Mwaka 1947 mwanauchumi wa Marekani, Harold Hotelling, aliiandikia idara ya hifadhi za taifa ya nchi yake barua, akaeleza kwamba gharama hiyo ya safari, kwa kuwa hubadilika kadiri ya umbali anakotoka mgeni, yaweza kusomwa kama bei ya matembezi yenyewe.

Hata hivyo, mgeni huchagua mahali pamoja kati ya pengi. Modeli, yaani maelezo ya kihesabu ya namna watu wanavyochagua, alizozijenga mwanauchumi Daniel McFadden miaka ya 1970, zilizochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000, huchukulia kwamba manufaa ya kila mahali yana sehemu tunayoiona, kama vile umbali, kiingilio na usafi wa maji, na sehemu aijuayo msafiri mwenyewe. Ndiyo maana hatusemi atakwenda wapi, bali tunakadiria uwezekano wake. Katika umbo lake sahili, modeli hiyo hudai kwamba ufuo mpya ukifunguliwa Entebbe utawapunguza wageni wa fuo jirani na wa maporomoko ya Sipi kwa uwiano uleule, jambo ambalo aliyewahi kupanda mlima kutoka Mbale hadi Sipi atalicheka. Kwa hiyo tunapanga fuo katika kundi lao na milima katika lake.

Mfano unaonishughulisha zaidi ni Bujagali, karibu na Jinja, ambako maporomoko yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Mtalii wa mashua za mpira alihamia chini zaidi ya Mto Nile, upande wa maporomoko ya Itanda, na hasara yake ni tofauti ya manufaa kati ya mahali hapo pawili, pamoja na nyongeza ya safari. Familia ya Jinja iliyozoea kufika kwa bodaboda na kukaa ukingoni ilipoteza zaidi, ingawa fedha iliyokuwa ikitumia ilikuwa ndogo. Ama Wasoga, wenyeji wa eneo hilo, wanaoyahesabu maporomoko yale kuwa makao ya pepo Budhagali, wao hawakuwa wakichagua kati ya Bujagali na Itanda, na sijapata safu ya kuwaandikia katika jedwali langu.