Tom Finney na mkataba uliomfunga Preston

Ndugu wasikilizaji, karibuni. Jioni ya leo tunamzungumzia Tom Finney, aliyezaliwa Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 5 Aprili 1922. Kwenye ligi aliichezea klabu ya mji wake tu, Preston North End, mpaka alipotundika njumu mwaka 1960: mechi za ligi 433, mabao 187. Timu ya taifa aliichezea mara 76 na kuifungia mabao 30. Kila anayemtaja husifu uaminifu wake kwa klabu. Alikuwa mwaminifu, hilo silipingi. Lakini ukiusoma mkataba wa wachezaji wa enzi zile, utakuta mlango ulikuwa umekomewa kwa nje.

Kwanza uwanjani. Finney alizaliwa mtu wa mashoto. Tangu utotoni akaunoa mguu wa kulia mpaka ukalingana na mwenzake, na winga ya kulia ndiko alikojipatia jina. Beki wa pembeni humsukumia winga kwenye mguu wake dhaifu: anasimama kiubavu, anaziba njia moja, anamwachia ile isiyo na madhara. Kwa Finney njia isiyo na madhara haikuwepo. Akitoka nje anamimina krosi kwa kulia, akikata ndani anaachia shuti kwa kushoto. Kwa hiyo England ilipompanga winga mwenzake, Stanley Matthews, kulia, Finney alihamia kushoto na mambo yakaenda vilevile. Lisbon, tarehe 25 Mei 1947, walicheza hivyo wote wawili na Ureno ikalala 10-0. Mwaka 1956 Preston ilimpeleka katikati, akawa namba 9 anayeshuka kuufuata mpira. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 35, akawa Mchezaji Bora wa Mwaka kwa mara ya pili baada ya ile ya 1954, na hakuna aliyewahi kuitwaa mara mbili kabla yake.

Itazameni picha hii hapa ukutani. Ni Stamford Bridge, Agosti 1956, baada ya mvua kubwa. Uwanja umegeuka dimbwi, maji yanaruka kama pazia, na Finney anapenya katikati yake bado akiufuata mpira. Mpira wa ngozi wa siku hizo ulikunywa maji ukawa mzito, na mchezaji wa akiba hakuruhusiwa kwenye ligi: ukiumia, ama unachechemea uwanjani au timu yako inabaki na watu 10. Tangu 2004 picha hiyo imekuwa sanamu nje ya uwanja wa Deepdale, na maji yanarushwa kweli.

Sasa mkataba. Mchezaji alisaini mwaka mmoja mmoja. Msimu ukiisha, klabu ilitoa orodha ya wanaobakizwa na wanaouzwa. Aliyebakizwa akikataa kusaini, klabu iliendelea kushika usajili wake, na bila usajili hakuna klabu nyingine ya ligi iliyoweza kumchezesha. Mshahara nao ulikuwa na kikomo kwa ligi nzima: pauni 12 kwa wiki mwaka 1947, 14 mwaka 1951, mpaka 20 mwaka 1958, na kiangazi ulipungua. Nyota wa taifa na beki wa kawaida waligongana kwenye dari lilelile. Ndiyo maana Finney hakuuacha ufundi bomba, kazi ambayo baba yake alisisitiza amalize kujifunza kabla ya kuingia kwenye soka. Mabomba ndiyo yalikuwa akiba yake ya uzeeni.

Mwaka 1952 Palermo ya Italia ilimtaka. Ilimwahidi pauni 10,000 za kusaini, mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, bonasi, nyumba na gari. Pigeni hesabu: hata tukihesabu pauni 14 kila wiki kwa mwaka mzima, tunapata 728. Hela ya kusaini peke yake ilikuwa mshahara wa zaidi ya miaka 13. Preston ikakataa, mazungumzo yakaishia hapo. Angeweza kutoroka? Neil Franklin, beki wa kati wa England, alijaribu mwaka 1950 kwa kwenda Bogotá, Colombia. Aliporudi alifungiwa, na England hakuichezea tena.

Preston ilimpa nini? Ukiacha mataji ya wakati wa vita, ubingwa wa daraja la pili mwaka 1951, basi. Fainali ya Kombe la FA ya 1954 ilipotea 3-2 mbele ya West Bromwich Albion. Ubingwa mkubwa ulimponyoka kwa desimali. Msimu wa 1952/53 Arsenal na Preston walimaliza na pointi 54 kila mmoja, na enzi hizo, pointi zikilingana, mabao ya kufunga yaligawanywa kwa ya kufungwa. Arsenal: 97 kwa 64, yaani 1.516. Preston: 85 kwa 60, yaani 1.417. Ili iwapite, Preston ilihitaji kufunga mabao 6 zaidi, au kufungwa mabao 4 pungufu. Kanuni ile ilipima bao uliloruhusu kwa uzito mkubwa kuliko uliloingiza, na hilo linauma ukikumbuka mji ule ulikuwa na fowadi gani.

Aliondoka Aprili 1960, nyonga ikiwa imechoka. Januari 1961 kikomo cha mshahara kikafutwa, na Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Mwaka 1963, katika kesi ya mchezaji George Eastham dhidi ya klabu ya Newcastle, Jaji Wilberforce akatamka kuwa utaratibu wa kumbakiza mchezaji ulibana uhuru wake wa kufanya kazi kupita kiasi. Lakini dari lile lile lililomnyima Finney haki yake ndilo lililouwezesha mji wa viwanda vya nguo kukaa na mtu kama yeye kwa miaka yote ile. Preston ilishuka daraja mwaka 1961, na mpaka leo haijarudi ligi kuu.