Kipimo cha Berg kwa Wazee Wasemao Kialbania

Walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa fiziotherapia, asanteni kwa kuja. Kipimo cha Berg mnakijua, kile cha kupima usawa wa mwili, yaani uwezo wa mtu kusimama na kusogea bila kuanguka. Katherine Berg na wenzake walikitoa Kanada mwaka 1989: vitendo 14, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 56. Kiti, kigoda, rula na saa ya sekunde vinatosha.

Sasa kipelekeni kwa wasemaji wa Kialbania. Wako Albania, Kosovo, Masedonia Kaskazini, na wengi wamehamia Uswisi na Ujerumani. Lahaja kuu ni mbili, Kigegi kaskazini na Kitoski kusini, mto Shkumbin ukizitenganisha. Maandishi sanifu yalipitishwa Tirana mwaka 1972, na msingi wake hasa ni Kitoski. Sisi ambao Kiswahili chetu sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mfasiri ataandika sanifu safi kabisa, lakini bibi wa Shkodër, kaskazini mwa Albania, au wa Prishtina kule Kosovo, amezeeka akisema Kigegi.

Tazameni kitendo cha kuzunguka. Mgonjwa anageuka mzunguko mzima, anatulia, kisha anazunguka upande wa pili. Akimaliza kila upande ndani ya sekunde 4, kwa usalama, anapata 4. Akizunguka salama lakini polepole, anapata 2. Bibi akisitasita katikati kwa sababu agizo halijamkaa sawasawa, amepoteza alama mbili na miguu yake haina kosa lolote. Hili linaniuma, kwa sababu alama hizo ndizo tunazozitumia kumpangia fimbo, mazoezi, hata kuruhusiwa kwenda nyumbani. Na ukimuuliza kama ameelewa, angalia: kwa desturi ya Albania, kutikisa kichwa huku na huku huweza kuwa ndiyo.

Si kila kitu kinasumbua. Kuokota ndara sakafuni kunawafaa kabisa, maana huko viatu huvuliwa mlangoni na ndara zimo kila nyumba.

Utaratibu wa kutafsiri kipimo unajulikana: wafasiri wawili, kila mmoja peke yake, matini mbili zinaunganishwa, wengine wawili ambao hawajaona matini ya asili wanairudisha tafsiri hiyo kwenye Kiingereza, kamati inakaa, halafu majaribio kwa watu 30 hadi 40. Mimi naona fedha na muda viende hapo mwisho. Kamati ya wasomi haiwezi kusikia anachosikia mzee wa kijijini. Katika hao 30 au 40, Wagegi wawe wengi, tena wale ambao shule hawakuiona sana.

Na wapimaji wasisahauliwe. Wa Tirana na wa Prishtina watazame video moja ya mgonjwa mmoja, kila mtu aandike alama zake bila kuchungulia za mwenzake. Wakitofautiana kuhusu lini mgonjwa anahitaji kusimamiwa tu na lini anahitaji kushikwa, maelezo ya alama yarekebishwe kabla mgonjwa mwingine hajapimwa.

Sogezeni viti pembeni, mkae wawili wawili. Tunaanza na kitendo cha kuzunguka, na anayetoa agizo asionyeshe kwa mkono.