Orodha Ibaki Nchi Kavu

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabaharia na wanafunzi wa ubaharia mliohudhuria, nawashukuru kwa kunialika. Ajali ya meli inapotokea, swali la kwanza linalotufikia sisi wachunguzi ni watu wangapi walikuwamo, na sababu ya kuzama huulizwa baadaye. Leo nitabaki na swali hilo moja, maana katika ajali tatu kubwa za maji yetu lilikosa jibu pale lilipohitajika.

MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Orodha yake ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili, ilhali abiria wa daraja la tatu, wenye nauli ndogo, hawakuorodheshwa kabisa. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba abiria 430; kwa hiyo hata walioandikwa peke yao walikuwa wamekwisha kuzidi. Miaka kumi na mitano baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Siku za mwanzo zilitajwa idadi ndogo zaidi, hadi tume ya uchunguzi ilipoeleza kwamba walikuwamo watu 2,470.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Mkata tiketi alikufa maji na mashine yake ikapotelea humo humo ziwani, hivyo hesabu yote ya safari ikazama pamoja na chombo. Walikufa watu 228. Siku mbili baada ya ajali, mtu mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Mkuu wa uokoaji asiye na orodha atajuaje kama bado kuna wa kutafutwa?

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule wa mwaka 1974, unataka abiria wote wahesabiwe kabla meli haijaondoka, na taarifa zao zitunzwe nchi kavu, watoto wachanga wakiwamo. Lakini mkataba huo kwa kawaida huhusu safari za kimataifa, na vyombo vyote vitatu nilivyovitaja vilikuwa katika safari za ndani ya nchi. Pengo hilo huzibwa na sheria zetu wenyewe, na, niseme wazi, na mtu anayesimama mlangoni pa gati jua likiwa kali na foleni ikisukumana.

Huyo ndiye ninayependa kumhoji kwanza, wala si kwa ajili ya kumtia hatiani. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za baharini, zilizoanza kutumika mwaka 2010, zinatenganisha uchunguzi wa usalama na kazi ya kutafuta wa kulaumiwa, kwani anayeogopa pingu hufunga mdomo. Nataka anieleze nani alimwambia aendelee kukata tiketi baada ya nafasi kujaa, alikuwa na mamlaka gani ya kukataa, na mtoto aliyepakatwa na mamaye alimhesabu au alimpitisha hivi hivi.