Sabuni Inaletwa Tumeshamaliza Kula

KELVIN: Haya wapendwa karibuni tena, niko na da Zuu kama kawaida. Da Zuu shikamoo.

ZUHURA: Marahaba mdogo wangu. Leo nina jambo limenikaa moyoni toka Jumamosi, acha niliseme. Nilikuwa msibani, watu wengi, pilau limepakuliwa, sinia moja watu sita. Beseni la kunawa likaanzia kwa wazee likazunguka, kila mtu anachovya mikono anasugua kidogo anampa mwenzie, linafika kwetu yale maji yashakuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Tukachovya. Mimi ni muuguzi Kelvin, na nikachovya, sikusema neno, na hilo ndo linaniuma mpaka sa hivi.

KELVIN: Sa utaanzaje kukataa beseni msibani? Si wataona unawadharau.

ZUHURA: Ndo hapo sasa. Alafu sikiliza, tulivyomaliza kula, mikono ina mafuta, kikaletwa nini? Sabuni! Na jagi la maji ya moto. Yaani sabuni ilikuwemo kwenye ile nyumba muda wote, ila imetunzwa ya kutolea mafuta. Na sio pale tu, nenda kwa mama ntilie, nenda majumbani kwetu, kabla ya kula maji matupu, baada ya kula sabuni.

KELVIN: Dah, kweli. Hata mimi nikila samaki ndo naitafuta sabuni, harufu isibaki.

ZUHURA: Harufu tunaisikia ndo maana tunaihangaikia. Kinyesi kilichobaki kwenye kucha hukisikii wala hukioni. Na lile beseni mtu wa kwanza anaacha alichokuja nacho, wa mwisho anaondoka na vya watu wote. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, mayai ya minyoo, vyote vinapita njia hiyo hiyo ya mkono kwenda mdomoni. Alafu mama aliyechovya pale anamega tonge anamlisha mtoto wa mwaka mmoja, na mtoto akiharisha maji yanamwisha mwilini haraka sana kuliko mtu mzima, nimeona wanaletwa macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Inauma jamani.

KELVIN: Nakumbuka kipindupindu cha 2015, kilianza Dar mwezi wa nane kikasambaa mikoani. Mtaani kwetu kila kibanda kikaweka maji ya kunawa. Ikaja korona 2020, ndoo za koki kila mlango. Leo ile ndoo ya kwetu mama ameweka maharage.

ZUHURA: Na ugonjwa wa kuhara haujaondoka, uko palepale mwaka mzima. Kuna utafiti ulifanyika Karachi, Pakistani, majibu yakatoka 2005, mitaa ya watu wa kipato cha chini tu kama uswahilini kwetu. Familia zikapewa sabuni na kuhimizwa kunawa, watoto wa chini ya miaka 15 kuhara kukapungua asilimia 53, na nimonia kwa walio chini ya miaka 5 ikapungua asilimia 50. Nimonia, Kelvin! Sabuni tu. Na kulikuwa na waliopewa sabuni ya dawa na waliopewa ya kawaida, matokeo yakawa yaleyale.

KELVIN: Kwahiyo hata ile ya mche tunayofulia?

ZUHURA: Inatosha kabisa. Mkono una mafuta yake ya asili na uchafu unaganda humo, maji matupu yanapita juu juu, sabuni ndo inaung'oa alafu maji yanayotiririka yanauondoa. Sugua sekunde 20, katikati ya vidole, chini ya kucha.

KELVIN: Ila da Zuu maji yenyewe watu wananunua kwa dumu, na kuna sehemu wanayafuata mbali.

ZUHURA: Najua, na ndo maana napenda kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, unalitoboa karibu na mdomo, unalitundika, unafunga kamba mdomoni mwake iteremke mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga linainama linachirizisha kidogo tu, na hushiki kitu na mkono mchafu. Sabuni itoboe uitundike pembeni, ukiiacha chini watoto wanaondoka nayo. Weka njia ya kutokea chooni, mtu asipate kisingizio.

KELVIN: Na msibani je? Huwezi kuwapanga watu mia wakanyage kijiti.

ZUHURA: Msibani turudi kwa bibi zetu. Bibi yangu Tanga mgeni hachovyi kwenye beseni, ananawishwa, kijana anapita na jagi anammiminia, beseni chini ni la kukinga maji machafu tu. Ilikuwa ndo heshima yenyewe. Tuongeze sabuni, na ije kabla ya chakula.

KELVIN: Arobaini ya huyo marehemu lini?

ZUHURA: Mwezi ujao. Nishamwambia shemeji nakuja na miche miwili ya sabuni, nanawisha mwenyewe.

KELVIN: Peke yako watu wote hao? Nakuja nishike jagi la pili.

ZUHURA: Basi wewe anzia upande wa wazee, wao ndo wanatanguliaga kula.