Tunda Gani kwa Bia Gani: Jinsi ya Kuchagua Matunda ya Bia ya Nyumbani

Karibuni tena, wapendwa watazamaji. Ndoo yetu imetulia, povu la siku za mwanzo limeshuka, na bia iko tayari kupokea tunda. Usikate kitu bado. Onja kwanza.

Chukua embe lililoiva, tafuna kipande taratibu, kisha jiulize: nikiuondoa utamu huu, hapa pamebaki nini? Hamira itakula karibu sukari yote ya tunda. Kitakachobaki kwenye bia ni uchachu na harufu, basi chagua tunda kwa hivyo viwili. Ndiyo maana stroberi huwavunja watu moyo: zikiwa mezani zinanukia vizuri, ndani ya bia harufu inafifia upesi na rangi nayo inapauka. Rasiberi, pasheni na cheri chachu hazikuangushi, maana uchachu wake hamira haiugusi.

Sasa tuiangalie bia yenyewe. Bia ya ngano ni laini na haina uchungu mwingi, kwa hiyo inapokea karibu kila tunda. Mimi naipenda na rasiberi, au aprikoti ukitaka kitu cha upole. Stauti, ile bia nyeusi, ni habari nyingine. Kimea chake kimekaangwa hadi kinanukia kahawa na chokoleti, na pichi ukiitia humo inazama kabisa, huisikii tena. Stauti inataka tunda lenye nguvu: cheri au rasiberi.

Kwenye IPA, bia yenye hopi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), nusa hopi zako kabla ya kuchagua. Hopi aina ya Citra, kwa mfano, tayari ina harufu ya balungi na matunda ya nchi za joto, hivyo embe au pasheni huingia kama ndugu. Hadhari moja: uchungu mkali wa hopi ukikutana na uchachu mwingi, ulimi unakereka. Ukijua utatia pasheni, punguza hopi za mwanzo wa kuchemsha. Ukitumia ganda la balungi, paruza ile rangi ya juu tu. Nyama nyeupe chini yake ni chungu. Kwa bia chachu huna haja ya kuhangaika sana. Wabelgiji wana kriek, yaani lambiki (bia yao chachu) iliyolazwa na cheri chachu, na ladha hizo mbili zinashikana vizuri mno.

Haya, tupime. Chukua glasi tatu, mimina mililita 100 za bia kwenye kila moja. Ya kwanza tia gramu 5 za tunda lililosagwa, ya pili 10, ya tatu 20. Ukiipenda ya pili, ndoo ya lita 20 itahitaji kilo 2. Kumbuka tu kwamba utamu unaousikia sasa utaondoka. Rasiberi mara nyingi zinatosha kwa kiwango hicho cha kati. Embe na pichi ni wapole, zinahitaji hata mara mbili yake.

Tunda ulilochagua ligandishe usiku kucha. Tazama mfuko huu: rasiberi zilikuwa ngumu kama kokoto, sasa zimelegea na juisi nyekundu imejikusanya pembeni. Barafu imepasua nyama yake, kazi tuliyotaka. Usizichemshe, kwani zitanuka jamu na pektini, ile inayogandisha jamu, itaifanya bia kuwa na ukungu.

Zitie sasa, baada ya mchachuko mkali kupita, kwa sababu ile gesi ya mwanzo huondoka na harufu. Acha nafasi juu ya ndoo, povu litarudi.

Baada ya wiki moja anza kupima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha kama bado kuna sukari ya kuchachuka. Hapa nawaomba sana msiharakishe. Chupa zangu ziliwahi kupasuka kabatini kwa sababu sukari ya tunda ilikuwa haijaisha, na vipande vya kioo si jambo la kuchezea. Kipimo kikisoma vilevile siku tatu mfululizo, ondoa tunda, kisha jaza chupa zako.