Namna ya Kumtambua Mfua Fedha wa Kikasha cha Chai cha Kiingereza

Karibuni, watazamaji. Kikasha hiki cha mviringo wa yai kilifuliwa kwa fedha mjini London katika karne ya 18, wakati chai ilikuwa ghali mno hata wenye nyumba wakaifungia kwa ufunguo. Ndiyo sababu ya tundu hili la kufuli upande wa mbele. Tutamtafuta aliyekitengeneza, lakini naomba msianze na herufi za jina lake, kwa kuwa mafundi wengi walikuwa na herufi zilezile. Tuanze na mji na mwaka.

Kwanza kabisa, msikisugue kwa dawa ya meno wala majivu, maana vitu hivyo hulainisha alama zilizogongwa kitakoni mpaka zisisomeke tena, na alama iliyolika hairudi. Kifuteni kwa kitambaa laini cha pamba, kipindueni kitako kitazame juu, kisha wekeni taa ubavuni ili vivuli viingie ndani ya alama. Chukueni lenzi inayokuza mara 10.

Tazameni safu hii. Simba anayetembea akiwa ameinua mguu wa mbele anathibitisha kwamba fedha safi ni sehemu 925 katika kila 1000. Kichwa cha chui chenye taji ni alama ya London. Kingekuwa kikasha cha Birmingham mngeona nanga, na cha Sheffield taji peke yake, kwani miji hiyo ilipata ofisi zake za upimaji, yaani za kupima usafi wa fedha na kuigonga alama, mwaka 1773. Kichwa cha mfalme kinaonyesha kwamba kodi ililipwa, na alama hiyo ilitumika kuanzia 1784 hadi 1890.

Sasa herufi ya mwaka, ambayo ndiyo huwapotosha wengi. Hapa tunaona m ndogo. London ilitumia herufi 20, kuanzia A hadi U bila J, kisha ikabadilisha mwandiko na kuanza upya, kwa hiyo m ndogo ya mwandiko huu ilitumika mwaka 1787 na ikarudi tena 1827. Mrudieni chui: taji lake liliondolewa mwaka 1821, na huyu wetu bado analo. Basi ni 1787, au miezi ya mwanzo ya 1788, kwa sababu herufi ilibadilishwa kila mwezi Mei.

Hapo ndipo tunaposoma herufi za fundi: H na B za mwandiko wa kuunganisha. Huyu ni Hester Bateman, mjane aliyesajili alama yake mwaka 1761, akaongoza karakana ya familia hadi 1790. Ukingo wenye vishanga vidogo, kama huu ninaousogeza karibu na kamera, unapatana na kazi za karakana yake. Hata hivyo, alama inamtaja mwenye karakana anayewajibika kwa fedha hiyo. Haithibitishi kwamba nyundo ilishikwa na mkono wake. Baada yake mtakuta PB na IB, yaani wanawe Peter na Jonathan, kwani herufi I ilisimama badala ya J.

Kwa vikasha vya kati ya 1697 na 1720, hesabu ni nyingine: sheria ilitaka herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo, na ndiyo maana Paul de Lamerie, mfua fedha wa London, alisajili LA mwaka 1713.

Kabla ya kuridhika, kipulizieni kitako pumzi ya joto na mtazame ukungu unavyotanda. Mstari ukijitokeza kuzunguka alama, huenda kipande chenye alama kilikatwa kwenye kijiko na kulehemewa hapo. Kisha fungueni kifuniko mtafute simba na herufi za fundi upande wa ndani. Zikitofautiana na za kitako, jueni kwamba kifuniko hicho kilitoka kwenye kikasha kingine.