Mpiga besi aliyeokota saketi jalalani

Kila nikiitaja bendi ya Queen hapa Mombasa, mtu hunikatiza: "Freddie Mercury, mtoto wa Unguja!" Naam, alizaliwa Unguja mwaka 1946, hayo twayajua sote. Leo, vijana wa bendi, niacheni nimzungumzie John Deacon, aliyesimama nyuma ya mwimbaji huyo na gitaa la besi.

Alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1951, akafiwa na babake angali mdogo. Mwaka 1965 yeye na wenzake waliunda bendi ya The Opposition. Hakuanza na besi, alishika gitaa la kawaida. Besi aliichukua mwaka uliofuata, pengo lilipotokea. Akaja London kusomea elektroniki, na 1971, akiwa angali mwanafunzi, akaingia Queen, bendi iliyokuwa imeshabadilisha wapiga besi kadhaa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mapema miaka ya sabini, akiwa njiani kurudi nyumbani, aliona saketi, kibao chenye vipuri vya umeme, imetupwa kwenye pipa kubwa la taka. Akaiokota. Ilikuwa ya redio ndogo. Akaitia ndani ya kasha la spika ya kuwekwa rafuni, akaunganisha betri ya volti 9, basi, akapata kikuza sauti cha gitaa. Hakina hata kitufe cha kupandisha sauti! Na Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alipochomeka gitaa lake, kikatoa mlio wa fidla na tarumbeta. Kwenye "Good Company" ya mwaka 1975, bendi nzima ya jazi mnayoisikia ni gitaa lililopitishwa kwenye kile kikasha, likirekodiwa sauti juu ya sauti.

Mwaniambia, "Mzee, mwenzetu alikuwa na chuo." Chuo kilimfundisha kuisoma saketi, sikatai. Lakini saketi yenyewe ilitoka jalalani! Redio mbovu zimejaa kwa mafundi wetu. Nani kati yenu amekaa na fundi hata asubuhi moja akamwona akilehemu waya? Bendi nzima inasimama jukwaani hotelini, wageni wanatazama, mpiga besi anangoja mtu aje kubadilisha fyuzi. Fyuzi, jamani! Hilo laniudhi, na nitalisema hadi mnichoke.

Utunzi wake sasa, haraka haraka. "You're My Best Friend" ni wake, na kinanda cha umeme mle alikipiga mwenyewe. "Another One Bites the Dust" ni wake pia, ikashika namba moja Marekani mwaka 1980. Jinsi alivyouacha muziki mwaka 1997 tutaongea nje. Naona mwenyekiti ashanyanyuka. Mwenye redio mbovu nyumbani aje nayo Jumamosi.